Kadi ya Picha

Kazi yangu ni kufundisha Kiswahili, na nimeifanya kwa miaka mingi pasipo kuhitaji bisibisi. Kompyuta nimezistahi kama mgeni anavyoistahi nyumba ya watu: huketi barazani akapokea anachopewa, wala hachungulii jikoni. Basi msomaji akikuta humu nimetaja wati na pini, asinidhanie kwamba najivuna kwa ufundi nisiokuwa nao. Nilisukumwa jikoni na haja, na haja yenyewe haikuwa yangu, bali ya mama yangu mzazi.

Kwetu ni Rugera, katika wilaya ya Karagwe. Baba alikuwa mkulima wa migomba na kahawa mchana, na jioni alikuwa mpigaji wa nanga. Nanga, kwa asiyeijua, ni ala ya mti uliochongwa kama chano kirefu, ikatandazwa nyuzi kutoka ncha hata ncha. Mpigaji huipakata, akazigusa nyuzi kwa vidole huku akisimulia kwa wimbo habari za wafalme na mashujaa. Wahaya wanayo, nasi Wanyambo tunayo. Profesa Mulokozi aliiandikia tasnifu ya udaktari mwaka 1986, akaipa tendi zake mahali panapostahili katika elimu ya fasihi. Baba hakuwamo katika tasnifu ya mtu yeyote. Alipiga nanga kijijini, katika harusi na mbele ya kibuyu cha rubisi, na mimi, mwanawe niliyekuwa nikifundisha wengine namna ya kuhifadhi fasihi simulizi, sikuwahi kumrekodi hata mara moja.

Aliyemrekodi ni mpwa wangu, msichana aliyekuwa na miaka kumi na sita. Ilikuwa Desemba 2018. Mama alikuwa Kyerwa, kwenye msiba wa dada yake, nako alikaa siku tano. Mimi nilikuwa Dar es Salaam. Mpwa wangu aliazima simu mpya ya mgeni mmoja, akaitegemeza juu ya mtungi, akamwambia babu yake apige. Babu akapiga dakika arubaini na moja. Hiyo ndiyo picha peke yake tuliyo nayo ya baba akiwa na nanga mikononi. Mwaka 2020 mkono wake wa kuume ulianza kutetemeka, mwaka huohuo akaacha nanga, na Aprili 2021 tukamzika.

Mwaka 2022 nilinunua Kariakoo kompyuta ya mezani iliyokwisha kutumika, Dell OptiPlex 7010 ya umbo jembamba, ya toleo la mwaka 2012, nikaipeleka nyumbani kwa basi, safari ipitayo kilometa 1,400, ili wapwa zangu waitumie kwa masomo. Krismasi ya mwaka huo nilichukua na diski yenye ile picha ya baba. Macho ya mama yalikuwa yamepungua nuru, hakuweza kuona kitu katika kioo cha simu, nami nilitaka amwone mumewe katika kioo kipana. Tukamketisha mbele, tukafungua.

Sauti ilitoka vizuri. Picha ilikwenda kwa kukwama na kurukaruka. Mkono wa baba ulionekana kunyanyuka, ukaganda, kisha ukawa mahali pengine pasipo kupita katikati. Kidole kilianza kugusa uzi ambao masikio yalikuwa yamekwisha kuusikia kitambo. Nikaona haya, nikaanza kubofya huku na huko. Mama hakuniangalia. Alitazama ule mkono kwa muda, kisha akasema kwa Kinyambo maneno ambayo kwa Kiswahili ni haya: "Alikuwa ameanza kutetemeka tayari. Nami nikamwacha nikaenda msibani."

Nilimweleza kwamba kosa ni la mashine. Nilimwambia kwamba ofisini kwangu Dar es Salaam picha hiyohiyo hutiririka kama maji. Alinijibu kwa upole kwamba yamkini kompyuta za Dar es Salaam zinajua kupamba. Mjane ana hesabu zake, nazo hazisahihishwi kwa mhadhara. Kuanzia siku ile alishika kwamba ugonjwa ulimwingia mumewe mwaka 2018, kwamba yeye hakuuona, na kwamba laiti angaliuona mapema angalimpeleka hospitali miaka miwili kabla. Mpwa wangu alinieleza kwa simu kwamba bibi alilitamka jambo hilo hata kwa wageni.

Ndipo nilipojifunza sababu. Picha ya simu ile ina nukta 3,840 kwa upana na 2,160 kwa kimo, nazo hubadilika mara thelathini kwa sekunde. Ukizidisha, unapata nukta karibu milioni 249 katika kila sekunde moja. Mzigo kama huo hauhifadhiki ila kwa kubanwa, na simu nyingi za miaka ile zilikuwa zimeanza kuubana kwa mfumo uitwao H.265, uliowekwa mwaka 2013. Prosesa ya kompyuta yetu, i3 yenye viini viwili, ilitengenezwa kabla ya mfumo huo. Inayo sehemu maalumu ya kuufumbua mfumo uliotangulia, H.264, lakini huu mpya haiujui; hulazimika kuufumbua kwa nguvu za akili yake ya kawaida, neno kwa neno, kama mwanafunzi asomaye shairi la zamani huku akifunua kamusi kila mstari. Kabla hajamaliza ubeti wa kwanza, msomaji mwenzake yuko wa tano. Dawa yake ni kadi ya picha: ubao mdogo wenye akili yake wenyewe, unaochomekwa ndani ya kasha na kuipokea kazi hiyo.

Hapa ndipo niliposhika njia ya upumbavu, nami sitaificha. Sikuuliza kadi gani yatosha. Niliuliza kadi gani ni nzuri. Mwanafasihi angepaswa kujua kwamba maswali hayo ni mawili. Mwaka 2023 masoko yalikuwa na kadi nyingi zilizotumika, maana Septemba 2022 mtandao wa sarafu iitwayo Ethereum uliacha namna yake ya zamani ya kuchimbua sarafu kwa kadi za picha, na wachimbaji wa dunia nzima wakatupa zana zao sokoni. Muuzaji mmoja akanionyesha GeForce GTX 1060, ina feni mbili, nzito kama tofali. Nilimuuliza kama itaingia katika kompyuta yangu. Alisema, "Mwalimu, hii huingia kompyuta zote." Nikampa Sh. 280,000, yaani zaidi ya bei ya kompyuta yenyewe.

Maneno yake yalikuwa kweli kwa nusu, na nusu ya kweli ni kitu kigumu kukigombeza. Nafasi ya kuchomekea kadi, iitwayo PCI Express, hupokea kadi ya kizazi chochote cha aina yake, ya zamani kwa mpya na mpya kwa ya zamani. Lakini nafasi si kasha. Likizo ya Juni nilifika Rugera na tofali langu, nikafungua kompyuta juu ya mkeka, nikaona kwa macho yangu kwamba kadi imezidi kimo cha sanduku kwa vidole vitatu. Tena juu ya kichwa chake palikuwa na tundu la pini sita lililodai waya wake mbali wa umeme, na waya huo haumo katika kompyuta ile. Kadi hiyo hutaka wati 120; nafasi yenyewe haitoi zaidi ya wati 75, na sanduku zima la kugawa umeme lina wati 240 za kugawia kila kiungo. Mpwa wangu alisimama akanitazama, kisha akasema, "Mjomba, hukupima?" Sikupima. Wahenga wamesema rahisi ni ghali. Hawakutuambia kwamba na ghali yaweza kuwa bure.

Mama aliuliza kitu kile ni nini. Nikasema ni dawa ya picha, ila ni kubwa mno. Hakusema neno. Akaniletea kahawa.

Niliporudi chuoni nilimwendea kijana mmoja wa idara nyingine, ambaye hufufua kompyuta za wenzake kwa ujira mdogo, nikamweleza habari yote pasipo kujitetea. Aliniuliza maswali ambayo ningepaswa kujiuliza mwenyewe. Kasha lina kimo gani? Umeme wa kugawa ni wati ngapi? Kuna waya wa ziada? Mama atacheza michezo? Nikacheka, naye hakucheka. "Basi, Daktari, unataka kadi ndogo kuliko zote inayoijua H.265." Akanitajia GT 1030, iliyotoka mwaka 2017: hula wati 30 tu, hunywa umeme wake wote kutoka katika nafasi yake, nayo hupatikana katika umbo fupi lenye bati fupi la nyuma. Haifai sana kwa michezo mipya, wala haina chombo cha kubania picha. Lakini kufumbua hujua, nasi tulihitaji kufumbua tu.

Alinionya pia jambo lililonifurahisha kama mtu wa lugha. GT 1030 ni jina moja la vitu viwili. Ya kwanza ina kumbukumbu ya aina ya GDDR5, inayopitisha gigabaiti 48 kwa sekunde. Mwaka 2018 ikatoka nyingine yenye kumbukumbu ya DDR4, inayopitisha takriban theluthi tu ya kiasi hicho, nayo ikapewa jina lilelile. Sisi huwafundisha wanafunzi kwamba kaa la moto na kaa wa pwani hupambanuliwa na muktadha. Sokoni muktadha ni karatasi ndogo iliyobandikwa nyuma ya boksi, na boksi lenyewe mara nyingi halipo. Kwa kutazama picha ya baba, kijana alisema, hata ile dhaifu yaelekea ingetosha. Hata hivyo nilitafuta ile ya kwanza, kwa ukaidi wa mtu aliyekwisha kuumwa na nyoka, nikaipata kwa Sh. 130,000. Lile tofali niliuza kwa hasara ambayo sitaiandika hapa.

Na niseme sasa, kabla msomaji mjuzi hajanitangulia: hata kadi hiyo ndogo haikuwa lazima. Yule kijana, kwa hisani, alingoja mpaka nilipokwisha kununua ndipo akaniambia kwamba kompyuta ya ofisini kwangu ingeweza, kwa programu ya bure na usiku mmoja, kuibana upya picha ya baba katika mfumo wa H.264, na mashine ya Rugera ingeionyesha pasipo kununuliwa kitu chochote. Nilimuuliza kwa nini hakusema mwanzo. Alisema, "Hukuniuliza habari ya picha, Daktari. Uliniuliza habari ya kadi." Nimekwisha kulitumia jibu hilo darasani mara mbili, bila kumtaja mwenyewe.

Basi Desemba 2023 nilishuka tena Rugera. Kadi ilikuwa ndani ya mfuko wa shati langu, nilikuwa nimepima. Nilizima, nikachomoa waya wa umeme, nikagusa bati la kasha ili kuondoa chaji ya mwili, nikaisukuma kadi mpaka ikalia kwa kuingia. Ilikaa kama iliyozaliwa humo. Kisha nikageuza kasha kuunganisha kioo, nikakuta kwamba waya wa kioo chetu ni wa VGA wa zamani, na kadi hiyo haina tundu la VGA. Ina HDMI na DVI ya kidijiti peke yake. Nilikaa juu ya mkeka nikatazama tundu na waya, vyote viwili vikanitazama. Asubuhi yake mpwa wangu alikwenda Kayanga, akarudi jioni na kigeuzi kidogo cha HDMI kwenda VGA, Sh. 15,000. Hesabu ya mradi wangu wa kubana matumizi msomaji ataifanya mwenyewe.

Usiku ule umeme ulikuwapo. Tulifungua picha kwa programu ya VLC, ambayo hutolewa bure, na mama akaketi mahali pale alipoketi mwaka uliotangulia. Sikumwambia kilichobadilika. Baba akaikalisha nanga mapajani, akakohoa, akaanza. Vidole vyake vikatembea juu ya nyuzi, kila kimoja kwa wakati wake, na kila sauti ilizaliwa pale pale kidole kilipogusa. Mkono wa kuume ulikwenda na kurudi, mtulivu kama mkono wa mtu apunguzaye migomba katika shamba lake mwenyewe.

Mama hakusema kitu kwa muda mrefu. Picha ilipofika mahali baba alipopumzika kumeza mate, aliinua kiganja, nasi tukaisimamisha. Akaomba irudishwe nyuma kidogo. Tukairudisha. Akaomba tena. Mara ya tatu alihesabu kwa vidole vyake, polepole: kumi na tisa, ishirini. "Basi ulianza mwaka wa ishirini," alisema. "Wakati huo nilikuwapo hapa. Niliuona siku ya kwanza, nikamwambia."

Alijifuta macho kwa ncha ya kanga, akatuambia tuendelee. Tukaendelea. Sasa hakuwa akiutazama mkono tu; macho yake yalizunguka katika picha yote, mlango, mtungi, kuku aliyepita. Punde akasogeza kiti mbele hata karibu akiguse kioo.

"Na kile nini nyuma ya kigoda chake?" aliuliza.

Mpwa wangu alinitazama, nami nikamtazama. Nyuma ya kigoda cha baba, kimefunikwa jani la mgomba lakini hakikufunikwa vema, palikuwa na kibuyu.

"Aliniapia kwamba ameacha!" mama alisema. "Nimekwenda siku tano tu!" Naye akaanza kucheka, na baba, ndani ya kioo, akaendelea kupiga.