Par-3 Ndefu Yajadiliwa Mbotela

Mbotela hakuna uwanja wa gofu. Ukishuka Jogoo Road, Nairobi, na kuingia mtaani, utakutana na nyumba za kanjo zilizopangwa kuzunguka nyua za pamoja, nguo zikikauka kambani, watoto wakifukuza mpira. Mtaa una jina la Tom Mbotela, makamu wa rais wa chama cha Kenya African Union (KAU) aliyeuawa Nairobi Novemba 1952. Naupenda kwa sababu mazungumzo yake hayana haraka, na mgeni hupewa kiti kabla hajaulizwa shida yake.

Mwenyeji wangu amekuwa kedi miaka mingi. Nilimuuliza kama par-3 ya yadi 230 ni ya haki.

“Kijana wangu, urefu niachie. Niulize anayekosa grini mpira wake unaangukia wapi.”

Hapo ndipo penye uzito wote. Shimo la 16 la Royal Portrush, Ireland ya Kaskazini, lina yadi 236 na korongo upande wa kulia. Katika mashindano ya The Open ya 1951, Bobby Locke wa Afrika Kusini aliulenga makusudi ule mbonyeo ulio kushoto mwa grini, raundi baada ya raundi, akatoka na par. Shimo linatisha, ila limemwachia mwenye akili njia. Shimo la 8 la Oakmont, Marekani, lilifika yadi 300 katika US Open ya 2007. Hata hilo nalitetea: grini ni kubwa na mbele yake pako wazi, mpira unaweza kubiringika ukafika.

Nairobi hesabu hubadilika. Kwenye mwinuko wa karibu mita 1,700 hewa ni nyepesi, mpira huenda mbali kuliko Mombasa. Lakini nyasi za kikuyu hushika mpira. Ukitua kabla ya grini, umekwama papo hapo. Kwa hiyo par-3 ndefu ya hapa inayojificha nyuma ya nyasi nene, yenye grini nyembamba na mchanga pande zote mbili, ina kasoro hata ikipendeza kwenye picha. Inampa nafasi mwenye mabega tu. Mzee na mwanamke, wakipewa tii ya mbele, bado wanabaki bila mahali pa kutua.

Mwenyeji wangu alichora grini kwa kijiti kwenye ule udongo mweusi wa Eastlands, kisha akaparuza sehemu ya mbele yake.

“Hapa wafyeke chini kabisa,” alisema. “Yadi zao wasipunguze hata moja.”