Ahadi Ilikuwepo, na Mbao Zilitumika

Leo sikuhubirii, nataka kutubu mbele yako.

Desemba mwaka juzi tulitoka hapa Masimba usiku na vijana wa kanisa, tukapitia Nairobi mpaka Mombasa. Kabla basi halijaondoka, mama mmoja alinivuta kando: "Mchungaji, nani kati yenu anajua kuogelea?" Nikamjibu kwa sauti kwamba tunaye Mungu aliyegawanya Bahari ya Shamu. Watu wakasema Amina. Yule mama alinyamaza.

Tulifika ufuo wa Jomo Kenyatta, ule wengi huuita Pirates, maji yakiwa yamekupwa. Sisi watu wa milimani tunajua mto. Mto ukifurika unausikia kabla hujauona. Bahari haikuiti. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, karibu saa sita kutoka kupwa hadi kujaa, na mwezi ukiandama au ukiwa mpevu huja bamvua: hapo tofauti yaweza kupita mita 3, zaidi ya kimo cha mlango wa nyumba yako. Vijana walitembea mchangani mbali sana, wakacheza mpira kwenye fungu lililoinuka. Maji yanaporudi hujaza kwanza mabonde ya chini, kwa hiyo yalipita nyuma yao. Walipogeuka, njia waliyoijia ilikuwa kifuani. Wanne walivuka. Wa tano, wa kidato cha tatu, alikosa pa kukanyaga. Nikaona mkono tu.

Mimi nilikuwa ufuoni, suruali nimeikunja, nakemea. Nilikemea kwa lugha, ndugu yangu. Aliyemfikia ni kijana anayekodisha tyubu za kuelea. Aliisukuma moja mbele yake akaenda.

Fungua Matendo 27. Malaika alimhakikishia Paulo kwamba hakuna nafsi itakayopotea, nao walikuwa watu 276. Lakini merikebu ilipokwama, akida aliamuru wanaojua kuogelea wajitupe kwanza, wengine wafuate juu ya mbao na vipande vya merikebu. Nimeihubiri sura hiyo miaka mingi, nikiziruka mbao.

Desemba hii tunarudi. Kila asubuhi nitawauliza wavuvi maji yanajaa saa ngapi, na yakianza kurudi kila mtu atakuwa ufuoni. Asiyejua kuogelea hapiti kiuno. Hakuna kuvuka kwenda kwenye fungu. Mwenzako akizidiwa, usimrukie mikono mitupu, atakuzamisha naye. Mrushie kitu kinachoelea. Tunabeba madumu mawili matupu ya lita 20, yamefungwa vizuri vifuniko, na kamba ndefu. Najua mtacheka mkiyaona kwenye basi. Chekeni.

Yule kijana amejiandikisha tena. Na jana mama yule alinipigia simu akauliza swali lake lile lile. Safari hii nilimtajia majina mawili, akasema Amina.