Nani Atakuandikia Saa Zako?

Mtu wa nyumbani akishuka Dallas na kuamua kujifunza ufundi, sisi tuliotangulia hutuuliza chuo gani kizuri. Jibu langu huwaudhi wengi: weka chuo pembeni, anza na leseni. Texas haikuruhusu kushika nyaya za watu kwa sababu una cheti cha kutundika ukutani. Idara ya leseni ya jimbo, TDLR, inataka uandikishwe kama mwanagenzi, ufanye kazi chini ya fundi mkuu mwenye leseni, ufikishe saa 8,000 zilizothibitishwa na kushinda mtihani, ndipo uitwe fundi umeme kamili. Kwa anayeingia kazini kila siku, hiyo ni miaka minne hivi. Ukitaka ufundi mkuu, saa zinapanda hadi 12,000. Mabomba yana bodi yake nyingine kabisa. Na wa viyoyozi hawezi kugusa gesi ya friji bila cheti cha shirikisho ambacho mafundi hukiita 608 tu.

Ukishaijua hesabu hiyo, matangazo ya vyuo unayasoma kwa jicho jingine. Nayo hayakosekani. Eneo la Dallas na Fort Worth limepita watu milioni 8, maghala na mitaa mipya inaota kila upande, na joto la Julai na Agosti hufika nyuzi 38 na kuzidi, kwa hiyo fundi viyoyozi halali njaa. Basi pakikosekana mafundi, hujitokeza wauza njia ya mkato. Unaacha namba yako ya simu kwenye tovuti ya chuo usiku; asubuhi anakupigia anayejiita mshauri wa wanafunzi, sauti yake asali tupu. Huyo ni muuzaji. Atakueleza mkopo wa serikali kabla hajakwambia karakana yao ina nini. Muulize: siku nikimaliza, nani ataanza kuniandikia saa zangu? Akianza kuzunguka, mshukuru na ukate simu.

Sisemi vyuo vyote vya kutafuta faida ni vya matapeli. Ila ITT Technical Institute ilikuwa na matawi zaidi ya 130 nchini, Texas ikiwemo, na Septemba 2016 ikafunga yote kwa mpigo. Watu walibaki na masomo nusu na deni zima. Serikali ilikuja kufuta dola bilioni 3.9 za mikopo ya waliosoma pale, lakini hiyo ilikuwa 2022. Piga hesabu ya miaka ya kungoja.

Vyuo vya kaunti havipigi kelele. Dallas College na Tarrant County College vinabebwa kwa sehemu na kodi ya majengo, ndiyo maana mkazi wa kaunti hulipa ada ndogo kuliko anayetoka nje yake. Hapo kuna kituko: mji wa Grand Prairie umegawanyika kati ya kaunti hizo mbili (na kipande kimeangukia ya tatu), kwa hiyo kabla ya kukodi nyumba angalia uko upande gani. Angalia na usafiri pia. Arlington ni mji wa watu karibu laki nne usio na basi la kawaida la njia maalumu. Darasa la jioni bila gari ni ndoto, na bei ya gari hilo haimo kwenye karatasi ya ada.

Mimi ningeanza na chama cha mafundi umeme, IBEW. Tawi lake la Local 20 lina uanagenzi wa kulipwa: unafanya kazi, unasoma, na mshahara unapanda kadiri unavyosonga. Wanataka uwe umesoma aljebra, tena kuna mtihani wa kuingia, kwa hiyo hesabu za sekondari ulizozikimbia zitakusubiri mlangoni. Wabongo wachache ninaowajua wameomba. Nadhani ni kwa sababu hakuna anayewapigia simu kuwabembeleza.

Dar es Salaam nako hakuna wa kukubembeleza. Sensa ya 2022 ililikuta jiji lina watu 5,383,728, na nyumba zinafukuzana kuelekea Chanika na Bunju. Ada ya VETA, vyuo vya ufundi stadi vya serikali, kwa miaka ilikuwa shilingi 60,000 kwa mwanafunzi wa kutwa na 120,000 kwa wa bweni, fedha ambayo Texas hainunui hata viatu vya kazi. Kinachotuponza ni kwamba hatuchagui. Mtoto akifeli Kidato cha Nne, kikao cha familia kinaamua dakika tano: apelekwe VETA. Fani ipi? Yenye nafasi. Anayependa umeme anajikuta kwenye ushonaji, na mzee anasema la msingi ana chuo.

Wakati huohuo vijana wengi hawapiti chuo chochote. Wako gereji za Gerezani, wako Keko kwenye samani, wako juu ya jukwaa la ujenzi wakiitwa saidia fundi. Miaka mitano ya kazi za namna hiyo inapita saa 8,000 kwa mbali, ila hakuna aliyeziandika. Mteja naye hana namna ya kumtofautisha fundi huyo na fundi maiko. VETA wana urasimishaji ujuzi: unapimwa kwa unachokijua, unapewa cheti. Ningekuwa na sauti, ningeutangaza huo kabla ya kujenga chuo kingine.

Mpwa wangu wa Mbagala alinipigia majuzi. Shikamoo mjomba, nataka umeme, mama anataka chuo fulani cha binafsi kwa sababu wanafunzi wake wanapendeza na sare zao. Nikamwambia aende na maswali mawili: kimesajiliwa na baraza la elimu ya ufundi, NACTVET, na mafunzo kazini wanakutafutia wao au unajitafutia? Walimjibu kwamba kila mtu anajitafutia. Basi ameanza kutafuta kabla ya kulipa ada, na amempata fundi wa Temeke mwenye leseni ya umeme ya EWURA aliyekubali kumchukua siku za Jumamosi, nauli juu yake. Nimemtaka anunue daftari, aandike tarehe na kazi, na fundi asaini kila jioni. Dada yangu bado anaitaka ile sare.