Skrini ilisema mota zimesimama

Nilimkalisha mpwa wangu wa miaka 11 kwenye kiti ambacho sikuwa na njia ya uhakika ya kukizima. Kosa ni langu.

Kilikuwa kiti cha kuigiza mwendo wa gari: siti kuukuu juu ya krosi ya propela, na nyuma yake mota mbili za waipa za volti 12, zikiiinamisha kufuatana na mchezo wa mbio za magari kwenye kompyuta. Mota nilizichagua kwa makini. Jumamosi tatu nilizunguka mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, nikikagua gia, na usiku nikapiga hesabu: kusukuma uzito wa kilo 10 kwa mkono wa sentimita 5 kunataka kama nyutoni-mita 5. Mota ziliiweza kazi hiyo, nami nikaona mambo yamekwisha. Bodi ndogo ya kuzipelekea umeme nikainunua kwa kutazama bei tu. Ilikuwa L298N, inayobeba ampea 2 kila upande. Mota ya waipa ikielemewa hula zaidi ya hapo, na ikikwama hupita ampea 10. Tarakimu zote nilikuwa nazo. Sikuzilinganisha.

Nilikijaribu kikiwa kitupu, kikaenda vizuri. Nikamwita mtoto.

Dakika ya pili, kwenye kona, mota ya kushoto iliivuta siti hadi mwisho na haikurudi. Nikabonyeza kitufe cha kusimamisha. Skrini ikaandika kwamba mota zimesimama. Mota ikaendelea kunguruma, na harufu ya plastiki inayoungua ikanifikia.

"Mjomba, zima!"

Nilikuwa nimeshazima. Hapo ndipo nilipoelewa: bodi ilikuwa imepiga shoti kwa ndani, umeme wa betri unakwenda moja kwa moja kwenye mota, na amri yangu ilikuwa inapita kwenye kitu kilichokwisha kufa. Nikaung'oa waya wa betri kwa mkono.

Paji la uso la mtoto liligonga ukingo wa meza, akashonwa nyuzi tatu. Meno ya gia yalikatika. Dada yangu hakumruhusu kuja kwangu hadi likizo iliyofuata, na alikuwa na haki.

Sasa natumia bodi za BTS7960, kila mota na fyuzi yake. Ndugu msomaji, ukijenga chako, weka swichi ya kukata betri mahali ambapo aliyekaa anaifikia. Kijaribu kwanza kwa gunia la mchanga, kisha ukikalie wewe.