Umeme Unaopita Juu ya Vichwa



Mwezi huu nataka kukuelezea habari ya kengele moja ya kanisa.

Miaka michache iliyopita nilitumwa kutembelea kanisa dogo la kijiji, safari ndefu ya pikipiki kutoka Kolwezi. Kijiji kile kiko chini ya laini kubwa ya umeme inayotoka Inga. Njiani nilikuwa nimesikia kwamba watu wa sehemu zile wanafungua vyuma vya pilone na kuvitengeneza vitanda na vigari vya kusukuma. Basi siku ya Mungu nikahubiri juu ya amri inayokataza kuiba. Nilihubiri kwa nguvu. Nilisema mwizi wa chuma ni sawa na mwizi wa mbuzi. Watu walinyamaza, wakatazama chini.

Baada ya ibada nikatoka nje, nikaona kile kilichotuita asubuhi. Kilikuwa kipande kirefu cha chuma chenye matundu ya bulo, kimefungwa kwa waya katika mti wa muembe. Nikauliza kilitoka wapi. Mzee mmoja wa kanisa akanijibu pole pole:

“Pasta, usikasirike. Ile chuma njo kitu moja tu umeme ya Inga ilituachia. Tangu tuko batoto tunaona kamba inapita juu ya kichwa. Hata siku moja haiyashuka.”

Sikuwa na jibu. Mimi niliyewahubiri naishi mjini. Kanisani kwetu tuna gitaa za umeme na haut-parleur. Umeme ukikatika tunalalamika mpaka kwa Mungu.

Ndugu msomaji, sisi watu wa migodi tusiseme vibaya juu ya mabaraji bila kukumbuka faida zake. Baraji la Mwadingusha kwenye mto Lufira lilianza kazi mwaka 1930. Likafuata Koni mwaka 1950, halafu Nzilo na Nseke kwenye Lualaba katika miaka ile ya 1950. Bila maji yale shaba yetu isingeyeyushwa jinsi ilivyoyeyushwa, na miji yetu isingekuwa hivi. Baba zetu walilipwa mshahara kwa sababu mashine zilizunguka. Lopitali ikipasua mama usiku, taa ile inatoka kwenye maji. Mulini ukisaga muhindi wa bukari, ni maji yanayosaga.

Na tena baraji la Mwadingusha lilizaa ziwa, ndilo Tshangalele. Waliolijenga walitafuta umeme, lakini watu walipata samaki. Mpaka leo kuna familia nyingi kando ya ziwa zinazosomesha watoto kwa samaki wanaouzwa Likasi na Lubumbashi. Hiyo ni baraka ambayo fundi hakuiandika katika mpango wake.

Lakini kuna mambo mengine ambayo hayakuandikwa. Nkambo wangu alizaliwa upande ule wa Lufira. Tulipokuwa watoto alituonyesha maji kwa mkono, akasema, “Kule chini njo tulikuwa tunalima.” Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayeonyesha kaburi. Maji yaliyosimama pia yanapenda konokono wanaobeba bilarziosi, ugonjwa wa kukojoa damu. Na uchafu wa viwanda vya Likasi unashuka kwa mto Panda, unaingia Lufira, unafika ziwani. Wataalamu wamepima samaki wa Tshangalele, wamekuta ndani yao madini ya sumu. Mto unaokimbia unapitisha uchafu, ziwa linauweka.

Turudi kwa Inga. Inga ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1972, ya pili mwaka 1982. Zote mbili zilijengwa kutoa karibu megawati 1,775, lakini kwa miaka mingi mashine nyingi zilisimama kwa kukosa matengenezo. Laini ya kuja Kolwezi ina urefu wa kilometa karibu 1,700. Nchi ilikopa pesa nyingi sana kwa kuijenga. Wengi wamesema kwamba, baada ya Katanga kujitenga miaka ya 1960 mpaka 1963, wakubwa wa Kinshasa walitaka ufunguo wa umeme wa migodi ukae mbali na sisi.

Nilimwuliza fundi mmoja mkristo: kwa nini kijiji kile kisipewe hata taa moja? Akanieleza kwamba umeme wa laini ile ni wa namna ya pekee, wa nguvu ya volti 500,000. Unaingia Inga, unatoka Kolwezi. Kuushusha katikati ya njia kunadai kituo kikubwa cha kuugeuza, cha bei kali. Nikaelewa. Wanakijiji hawakusahauliwa siku ya kufunga taa. Walisahauliwa siku ya kuchora karatasi.

Leo katika nchi yetu yote mtu karibu mmoja tu kati ya watano anapata umeme. Hata mjini, delestaji ikikaza, mama anarudi kwa makala, na msitu unaisha. Tunakaa karibu na mabaraji, na tunapika kwa miti.

Sheria ya Musa inakataza kumfunga kinywa ng'ombe anayepura nafaka. Mungu alimwona hata mnyama yule, akasema ale mahali anapofanya kazi. Je, aliyetoa bonde lake si zaidi ya ng'ombe?

Usinielewe vibaya. Kuiba ni kuiba. Pilone moja ikianguka, lopitali ya mbali inabaki gizani. Amri ile sikuifuta. Lakini nilitubu kwa sababu nilihubiri nusu yake. Kuna mwizi anayefungua bulo usiku, na kuna wizi mwingine unaofanywa mchana, wenye kashe na sinyatiri.

Mwaka 2025 Banki ya Dunia ilikubali tena kutoa pesa za kutayarisha baraji lingine kubwa la Inga. Wengine wanashangilia, wengine wanaogopa. Mimi nakuomba mambo mawili. Kama wewe ni mfanyakazi au mkubwa katika kazi za namna hii, uliza mapema, karatasi ikiwa bado nyeupe: watu wa chini ya kamba watapata nini? Na kama wewe ni mtu wa mjini kama mimi, siku taa inapowaka, usimshukuru Mungu kama vile imetoka mbinguni bila kupita kwa mtu. Ombea na yule aliyetoa shamba.

Nilirudi kijijini kule mwaka uliofuata. Katika muembe sasa kunaning'inia janti ya kamio. Wazee waliifunga wenyewe, sikuwaagiza. Kile chuma cha pilone kimesimamishwa nyuma ya kanisa, kinashika kutu.

“Tunataka kukirudisha, Pasta,” yule mzee akaniambia. “Lakini tutarudisha kwa nani? Hakuna mutu wa umeme anafikaka huku.”

Bwana atusaidie tufike. Amina.