Ugonjwa wa Kaka Yetu

Mwaka juzi kaka yetu mkubwa alianza kukonda, na sisi, mwalimu tunayeaminiwa kijijini kwa kuwa twasoma vitabu, ndio tuliokosea kwanza. Alikuwa akila kutupita sote, wala chakula hakikumfaa. Tukasema, "Ni minyoo." Akanywa dawa ya minyoo mara tatu, akazidi kukonda hata mkanda wake ukatobolewa matundu mapya. Majirani nao walinong'ona yao, ambayo hatuna haja ya kuyaandika.

Kumbe dalili iliyo kubwa aliificha kwa haya. Hospitalini daktari alimwuliza, "Mzee, choo chako kina namna gani?" Kaka akatutazama sisi mdogo wake, akanyamaza. Tukatoka nje. Ndipo akaeleza: ni kingi, cheupecheupe, kinang'aa mafuta, na harufu yake haivumiliki.

Nyuma ya tumbo kuna kiungo kiitwacho kongosho, kitoacho maji ya kuyeyusha chakula, na mafuta hasa. Claude Bernard wa Ufaransa alitoa maandiko juu ya kazi hiyo mwaka 1856. Kongosho likiharibika kwa uvimbe wa siku nyingi, mafuta hupita bure, pamoja na vitamini A, D, E na K. Pombe ni chanzo kimojawapo, si cha wote. Kaka haionji, nasi twamwomba radhi kwa kumshuku. Choo kikapimwa kitu kiitwacho elastesi. Chini ya mikrogramu 200 kwa gramu ni dalili ya upungufu. Yake ilikuwa 62.

Dawa yenyewe ni vidonge vilivyotengenezwa kwa kongosho la nguruwe. Bei yake ni nzito. Mbuzi wawili wamekwenda. Na mwezi wa kwanza havikumfaa, maana alivimeza alfajiri kabla ya kula, kama alivyozoea dawa nyingine. Daktari akacheka kidogo, akasema, "Mzee, hii lazima ichanganyike na chakula." Sasa humeza kimoja kwa tonge la kwanza, na kingine katikati ya mlo, bila kutafuna. Nasi tuliokuwa tumemnyima nazi na karanga tukaambiwa tumrudishie.

Jumamosi iliyopita alipanda juu ya mizani ya kahawa ghalani: ameongeza kilo tano. Mkanda umerudi tundu moja, yamebaki mawili.