Motokari ya Muzee ndani ya hangari ya kahawa: tuirudishe au tuigeuze?

Vita vilipofika Kanyabayonga, mwisho wa mwezi wa sita mwaka 2024, barabara ya taifa namba 2 ilijaa watu waliokuwa wanaelekea Lubero na Butembo. Wengi wenu mnaonisoma mlikuwa ndani ya msururu huo, sina haja ya kuwaeleza. Kwetu Musienene, siku chache baadaye, familia nne ziliingia ndani ya parsela yetu. Nyumba ilikuwa imekwisha kujaa ndugu waliotangulia. Mama akasema: basi fungueni hangari ya kahawa, watoto wasilale nje na baridi hii.

Hangari hiyo haikuwa imefunguliwa sawasawa kwa miaka mingi. Muzee, babu yetu, alikuwa akinunua kahawa ya arabika kwa wakulima wa milimani, anaikusanya humo, kisha anaipeleka Butembo. Alipokufa, biashara nayo ikafa. Tulitoa magunia yaliyoliwa na panya, mashine ya mkono ya kumenyea kahawa, mabati yenye kutu. Nyuma kabisa kulikuwa rundo la mbao za mkaratusi, zimepangwa vizuri mpaka karibu na paa. Vijana wa familia zilizofika ndio walioanza kuzitoa. Baada ya mbao thelathini hivi, mmoja akaita: "Huku kuna motokari!"

Ilikuwa Land Rover Series III, ile ndefu inayoitwa 109, kijani kilichofifia. Haikuwa na magurudumu. Ilikaa juu ya magogo manne kama kuku anayelalia mayai.

Mimi niliijua kama hadithi tu. Nilikuwa na miaka 8 mwaka 1996, vita vya kwanza vilipopita. Wenye silaha walikuwa wakichukua motokari za watu, na Muzee aliona lori la jirani likienda bila kurudi. Usiku ule akang'oa magurudumu, akayapandisha juu ya dari ya nyumba, akaziba bomba la moshi kwa kitambaa, akazungushia mbao pande zote. Watoto tuliambiwa tusiseme kitu kwa mtu. Hatukusema, na mwishowe tulisahau kweli. Muzee alikufa kabla hajaona wakati aliouamini kuwa wa amani ya kutosha kuitoa.

Kati ya waliofika kwetu alikuwa fundi mmoja wa garaji kutoka Kirumba, na mke wake na watoto watatu. Alikimbia akiwa na sufuria moja, godoro moja, na funguo tano za motokari za wateja. Vita vilimkuta amefungua moteri za watu, mikono ina mafuta. Funguo hizo bado anazo. "Wenyewe watanidai," anasema, na hacheki.

Huyo ndiye aliyekuwa wa kwanza kuingia chini ya Land Rover. Sisi tulikuwa tunashangaa milango na taa, yeye alilala chali na nyundo ndogo, akawa anagonga shasi toka mbele mpaka nyuma, anasikiliza. Aliponieleza nilielewa. Mwili wa Land Rover ni wa aluminiamu. Waingereza walipoanza kuzitengeneza mwaka 1948 chuma kilikuwa haba kwao baada ya vita vikuu, wakatumia aluminiamu, ndiyo maana nyingi za zamani hivyo bado zina sura ya motokari. Lakini shasi ni ya chuma, tena ina uwazi ndani. Maji yanaingia, matope yanakaa, na kutu inakula kutoka ndani huku nje unaona rangi. Unaweza kupaka rangi mpya juu ya motokari iliyokwisha kufa. Ya kwetu ilikuwa imekauka kwa miaka yote hiyo chini ya paa. Nyundo ililia vizuri, isipokuwa pembe mbili za nyuma, ambako ilitoa sauti ya boksi la karatasi.

Habari ikatembea. Kabla ya juma kwisha, mtu alifika kutaka kuinunua kwa kilo. Aluminiamu yake, alisema, ingetoa sufuria nyingi. Mama alimpa chai na kumsindikiza mpaka barabarani.

Kisha ugomvi wa kweli ukaanza, na ulikuwa wa ndani ya nyumba.

Baba Mdogo, mtoto wa mwisho wa Muzee, alitaka irudi kama ilivyotoka kiwandani. Rangi mpya ya kijani, viti vipya, kila bati linyooshwe. Alikuwa kijana aliyesimama nyuma juu ya magunia wakati motokari hiyo inaingia Butembo, na nadhani alitaka kuona tena jinsi watu walivyokuwa wakigeuka. Simlaumu.

Mpwa wangu, anayeendesha taksi-moto Butembo na kujua moteri kidogo, alitaka kinyume chake. "Mjomba, hii moteri ya esanse itatula," aliniambia. Alikuwa amekwisha kuulizia moteri ya Toyota ya mazutu, ile 3L ya Hilux na Hiace, ambayo kila fundi wa Kivu anaijua na vipuri vyake havikosi. Matairi makubwa, chuma cha mizigo juu, kazi ianze. Hesabu yake haikuwa mbaya. Moteri ya Land Rover ile, ya lita 2 na robo, inaweza kunywa lita 18 mpaka 20 za esanse kwa kilomita 100. Toyota ya mazutu ingekunywa karibu nusu.

Mimi nilikuwa upande wa mpwa. Ninaandika habari za barabara hii kila juma. Najua maana ya motokari inayoenda na ile inayopendeza.

Fundi hakuwa upande wowote, alikuwa mgeni na alijiheshimu. Lakini nilipomuuliza peke yake, alinionyesha mambo matatu. Kwanza, ili moteri ya Toyota ikae pale, lazima ukate vishikizo kwenye shasi na kuchomelea vingine. Ukiweka na buate ya Toyota, unakata pia sakafu. Ukibakiza buate ya Land Rover, unatafuta bamba la kuunganisha viwili visivyojuana, na likichongwa vibaya kidogo tu, buate inakufa. Pili, vyuma vinavyozungusha magurudumu ya nyuma vilitengenezwa kwa moteri ya polepole. Ukivipa nguvu zaidi, vinaweza kukatika, hasa mlimani. Tatu, breki. Land Rover hiyo ina breki za ngoma magurudumu yote manne. Zinatosha kwa mwendo wake wa zamani, kama mtu ana subira. "Ukiipa mwendo mpya, uipe na breki mpya. Watu wanakumbuka moteri, wanasahau kusimama."

Hapo nikaanza kuegemea kwa Baba Mdogo. Lakini hapo pia pakawa na neno.

Tulikuwa tunaosha sehemu ya nyuma, ile ya mizigo. Chini ya vumbi, kwenye ubavu wa ndani, kukatokea maandishi ya Muzee. Alikuwa akikwaruza kwa msumari: jina la kijiji, mwezi, kilo. Mstari juu ya mstari, miaka na miaka, mengine yamekatwa kwa alama ya deni lililolipwa. Mama mmoja mzee kati ya waliofika, anayetoka upande wa Kanyabayonga, alikuwa ameshika ndoo. Aliweka ndoo chini, akaomba asomewe. Jina la tatu lilikuwa kijiji chake. Alisema baba yake alikuwa na kahawa, na kwamba alikumbuka motokari ya kijani ikipanda kilima, ila hakujua ilitoka wapi. Kisha akachukua ndoo yake, akaendelea kumwaga maji, lakini si mahali pale.

Fundi akasema kwa sauti ya chini kile ambacho wote tulikuwa tunakiona: ili upake rangi mpya lazima usugue bati mpaka liwe laini, na ili bati linyooke lazima uligonge. Maandishi yangekwenda.

Baba Mdogo alinyamaza siku mbili. Mimi nilikuwa nimefikiri kwamba kurudisha ni kuhifadhi na kugeuza ni kuharibu, nikachagua kati ya hayo. Kumbe kurudisha kwake kungeifikisha mwaka ilipotoka kiwandani, kabla Muzee hajaigusa. Ingekuwa motokari ya duka. Kila kovu lililokuwa letu lingekuwa kosa la kusahihisha. Siku ya tatu alikuja na kusema: "Muache mwili wake. Osheni tu." Hakusema zaidi, na hakuna aliyemuuliza.

Ilibaki moteri. Fundi alifungua plagi nne, akamimina ndani ya kila silinda mchanganyiko wa mazutu na mafuta ya moteri, akatuamuru tusiiguse. Siku nne. Mpwa alicheka. Siku ya tano fundi akaingiza manivela mbele, ile mikono miwili ilivuta pamoja naye, na moteri ikazunguka taratibu, ikilalamika kama mlango wa kanisa. Inaonekana Muzee naye alikuwa amemimina mafuta kabla ya kuificha. Kazi iliyofuata ilikuwa ndefu na chafu: esanse ya zamani ilikuwa gundi ya kahawia inayonuka ndani ya tangi, mipira yote ilipasuka ukiipinda, kaburateri ilioshwa mara tatu. Batri ya sola ya jirani iliazimwa kwa ajili ya moto wa plagi. Fundi akawafundisha vijana kushika manivela bila kuzungusha kidole gumba, kiwe upande mmoja na vingine, kwa sababu moteri ikirudisha nyuma inavunja mkono. Iliwaka mara ya sita. Moshi ulijaa parsela yote na watoto wakakimbia, kisha wakarudi.

Kikao cha mwisho kilikuwa kifupi. Mama aliuliza: itabeba nini, na mpaka wapi? Tukahesabu. Maji kutoka chemchemi. Kuni. Wazee wanaoshindwa kutembea siku ya mgao. Mgonjwa usiku. Mara moja kwa juma Butembo na kurudi. Kwa safari hizo, lita za esanse zinavumilika, na pesa za moteri ya Toyota hatuna. Kama ingekuwa kwenda Goma, mpwa angeshinda, na nilimwambia hivyo mbele ya watu. Aliomba jambo moja: mabenchi mawili ya mbao nyuma, yafungwe kwa bolti kwenye matundu yaliyokwisha kuwepo, bila kutoboa ubavu wenye maandishi. Mbao ni zilezile za mkaratusi zilizoificha. Pembe mbili za shasi zilikatwa na kuchomelewa chuma kipya kinene; hilo Baba Mdogo alilisimamia mwenyewe.

Manivela tumeifunga chini ya kiti. Fundi alisema barabarani aliona motokari nzuri zimeachwa kwa sababu batri ilikufa na watu walikuwa wengi mno kusukuma.

Mpaka ninapoandika, haijatoka nje ya lango. Fundi amekataa, kwa sababu ya breki. Vipira vya ngoma za nyuma tuliviagiza Kampala, vipite Kasindi. Jumamosi iliyopita vilifika, viwili ni vya ukubwa mwingine. Vimerudishwa. Wakati huohuo motokari inakaa uani chini ya shitingi, na mahali ilipokuwa, ndani ya hangari, wanalala watoto sita.